Maswali ya Wasomaji: Platini Ikishika Protini, Haiachii

Makala ya toleo lililopita kuhusu dawa za saratani zenye metali ndani yake, kama sisplatini yenye platini, yametuletea barua nyingi kutoka Malindi, Lamu na visiwa vya jirani. Barua tumezifupisha, maswali tumeyaacha kama yalivyoulizwa. Tunaanza na lile ambalo jibu lake linayabeba mengine yote.

SWALI: Assalaam aleikum. Nasomea ufamasia, nyumbani Malindi. Daftarini nimeandika kwamba wafarini hushikwa na protini za damu kwa asilimia 99, na sisplatini kwa zaidi ya asilimia 90. Je, hesabu ya dawa iliyo huru ni moja kwa zote mbili? Na mgonjwa akipewa dawa nyingine, itaisukuma sisplatini itoke kwenye albumini? (Mwanafunzi, Barani)

JIBU: Waaleikum salaam. Hesabu si moja, na tunakuomba uzitenganishe kabisa dawa hizo mbili daftarini. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hukaa katika kishimo cha albumini, protini kuu ya damu, kwa mvuto mwepesi. Inaingia, inatoka, na ikishatoka ni wafarini ile ile, iko tayari kufanya kazi. Dawa nyingine inayopenda kishimo hicho inaweza kuisukuma.

Sisplatini haikai hivyo. Hupoteza kloridi yake, kisha atomu ya platini hujifunga kwa kifungo cha kemikali kwenye salfa au nitrojeni ya protini. Kilichopo hapo si sisplatini tena, ni albumini yenye platini mwilini mwake. Hakuna dawa ya maumivu wala ya presha itakayokuja kuisukuma itoke. Kwa hiyo ile asilimia 90 ni ya platini, si ya sisplatini, tena ni hesabu inayokwenda na saa: hufikiwa takriban saa 3 baada ya sindano ya haraka. Dakika za mwanzo hali ni tofauti kabisa.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini vitabu vinatoa nusumaisha mbili zinazoonekana kugombana. Dawa iliyo huru kwenye plazma (maji ya damu bila seli) hupungua kwa nusu ndani ya dakika 20 hadi 30 hivi. Platini iliyokwisha kushika protini huchukua siku 5 au zaidi. Zote mbili ni sahihi, ila zinapima vitu viwili. Kinachotibu uvimbe ni kile kilichoingia kwenye seli kabla ya protini kukikamata. Platini iliyofungwa kwenye albumini kwa sehemu kubwa imeshatoka kazini.

Ukija kufanya kazi maabara, jambo hili litakufikia mkononi. Damu ikishatolewa, platini haisubiri: inaendelea kushika protini ndani ya chupa. Weka chupa kwenye barafu, izungushe mara moja kwenye sentrifuji yenye baridi, kisha pitisha plazma kwenye kichujio cha kilodaltoni 30 (kipimo cha uzito wa molekuli). Albumini, yenye kilodaltoni 66.5, haipiti hapo. Maji yaliyopita ndiyo yanayopimwa platini huru. Sampuli iliyotolewa Malindi asubuhi, ikachujwa Mombasa alasiri, inaeleza urefu wa safari kuliko hali ya mgonjwa. Chuja kwanza, gandisha mchujo, ndipo usafirishe.

Karboplatini, ndugu ya sisplatini, ni mfano mzuri wa upande wa pili. Mahali pa kloridi mbili ina kipande kimoja kilichoshika platini kwa mikono miwili, kwa hiyo hufunguka polepole na protini huikamata polepole. Sehemu kubwa hutoka na mkojo siku ile ile: figo zikiwa nzuri, takriban asilimia 65 hadi 70 ya dozi ndani ya saa 24. Ndiyo maana dozi yake hupigwa kwa uwezo wa figo, kwa kanuni ya Calvert: miligramu ni sawa na AUC inayotakiwa (kipimo cha jumla ya dawa ambayo mwili unakutana nayo kwa muda wote), mara uwezo wa figo wa kuchuja kwa mililita kwa dakika ukiongezwa 25. AUC ya 5 na figo za 75 zinatoa 5 × 100, yaani miligramu 500. Kanuni kama hiyo isingefanya kazi kwa dawa inayonaswa na protini kabla ya kufika kwenye figo.

SWALI: Hamjambo. Tuliambiwa mafunzoni tusiweke sisplatini kwenye friji, tusitumie sindano yenye alumini, na oksaliplatini tusiichanganye na dripu ya chumvi. Sababu hatukupewa. Pia, mgonjwa akizidishiwa dozi kwa bahati mbaya, kusafishwa damu kwa mashine kutasaidia? (Muuguzi, Lamu)

JIBU: Hatujambo, dada yetu. Friji: sisplatini ya miligramu 1 kwa mililita iko karibu na ukingo wa kuyeyuka. Ikipata baridi, hutoa chembe za manjano chini ya chupa, na hapo hujui tena ni miligramu ngapi unazovuta. Alumini: huipa platini elektroni, platini inarudi kuwa metali tupu, unaona weusi, na dozi imepungua. Chuma kisichoshika kutu hakina tatizo hilo. Angalia pia viungo vya mrija, si sindano peke yake.

Dripu ndiyo yenye kemia ya kupendeza. Sisplatini inataka kloridi kuizunguka, kwa sababu kloridi nyingi huzuia ile iliyomo kwenye dawa isitoke mapema. Kwa hiyo huchanganywa na chumvi ya asilimia 0.9. Oksaliplatini, dawa nyingine ya platini, ni kinyume chake: kloridi huisukuma oksalati, kipande kilichoshika platini yake, itoke, dawa ikageuka kabla haijafika kwa mgonjwa. Hiyo ni ya glukosi ya asilimia 5 peke yake, na mrija usafishwe kwa glukosi kabla na baada. Wauguzi wanaohudumu siku yenye dawa zote mbili waandike dripu ya kila dawa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya mgonjwa.

Neno moja juu ya joto. Chupa nyingi zinaagiza nyuzi 25 kwa juu kabisa. Chumba kisicho na kiyoyozi pwani mwezi wa Machi hupita 30 bila taabu. Joto la chumba la kwenye kibandiko si joto la vyumba vyetu, kwa hiyo stoo ya dawa hizi inahitaji kiyoyozi na kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa kila siku.

Dozi ikizidi, mashine ya kusafisha damu husaidia kidogo sana, kwani platini imeshapanda juu ya albumini na albumini haipiti kwenye utando wa mashine. Kubadilisha plazma kumewahi kutumika, kwa kuwa huko protini yenyewe hutolewa. Hatua ya kwanza ni kusimamisha dripu na kupiga simu kwa daktari bingwa saa hiyo hiyo, si kesho yake.

SWALI: Nafundisha kemia kidato cha nne, Lamu. Vijana wanauliza: protini ina asidi amino mamia, platini inajuaje ishike ipi? Na kuna jaribio la darasani la kuonyesha metali ikishika protini? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, vijana wako wameuliza swali la msingi kabisa. Anza na umbo. Ioni ya platini katika sisplatini ina nafasi nne bapa kama pembe za mraba: mbili zina amonia, mbili zina kloridi, na kloridi zote ziko upande mmoja. Waambie wafikirie jahazi lililofungwa gatini kwa kamba nne, mbili fundo gumu na mbili fundo la kuvutwa. Maji yakija, zinazofunguka ni zile mbili.

Damu ina kloridi takriban milimoli 100 kwa lita, kwa hiyo huko kubadilishana na maji ni kugumu. Ndani ya seli kloridi ni milimoli 4 hadi 20, basi kloridi ya dawa hutoka na maji huchukua mahali pake, kwa nusumaisha ya takriban saa 2 kwenye nyuzi 37. Platini yenye maji ina haraka ya kushika chochote kilicho karibu.

Inashika nini? Platini ni metali laini: elektroni zake huvutika kwa urahisi, na hupenda atomu laini kama yenyewe. Salfa ni laini, oksijeni ni ngumu. Kwa hiyo watangulizi ni sisteini na methionini, zenye salfa, kisha histidini kwa nitrojeni yake. Asidi amino zenye oksijeni pembeni hupitwa.

Lakini kupendwa hakutoshi, lazima ufikike. Albumini ya binadamu ina asidi amino 585, na kati yake sisteini ni 35. Thelathini na nne zimeshikana mbili mbili kwa madaraja 17, hazina nafasi. Inabaki moja, ya namba 34, nayo imejificha katika ufa wa takriban nanomita 1. Ndiyo maana methionini ya namba 298, iliyo wazi juu ya protini, huikamata sisplatini kabla ya sisteini hiyo. Dhahabu, kwa upande wake, huenda kwa sisteini 34. Dawa za majaribio zenye ruteni zimeonekana zikishika histidini, namba 146 na 242. Protini ile ile, metali tatu, milango mitatu tofauti.

Waambie pia kwamba ndani ya seli mashindano hayaishi. Kuna glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, ya milimoli chache kwa lita, na kuna metalothionini, protini ndogo yenye sisteini 20. Kinachofika kwenye DNA ya kiini ni kama asilimia 1 tu ya platini iliyoingia kwenye seli, na hicho ndicho hupinda uzi wa DNA kwa kuunganisha nitrojeni za guanini (moja ya herufi nne za DNA) mbili jirani. Seli za saratani zinazotengeneza glutathioni kwa wingi mara nyingi huwa sugu kwa dawa.

Jaribio: sisplatini isifike shuleni, ni sumu. Tumia shaba. Ute mmoja wa yai uchanganye na maji mara kumi ya ujazo wake, tia chumvi ya jikoni nusu kijiko cha chai, koroga bila kutoa povu, chuja kwa kitambaa. Usipotia chumvi, baadhi ya protini za ute huganda na mchanganyiko unabaki na ukungu. Chukua mililita 2, ongeza mililita 2 za sodiamu hidroksidi ya moli 2 kwa lita, kisha matone 2 au 3 ya salfeti ya shaba ya asilimia 1. Zambarau itatokea. Kosa la kawaida ni kumimina shaba nyingi: hidroksidi ya shaba ya buluu hujitenga na kuifunika zambarau. Waeleze kwamba hapa shaba inashika nitrojeni za uti wa mgongo wa protini, si salfa za pembeni, na kifungo hiki hulegea kwa urahisi kuliko cha platini. Miwani ya kinga ivaliwe, kwa sababu hidroksidi hiyo hupofua.

SWALI: Mamangu wa Matondoni hupelekwa Mombasa kila wiki tatu kutiwa kemo ya sisplatini. Jirani ametuonya tusimpe samaki, mayai wala kunde, eti protini zitainasa dawa. Amedhoofu sana. Tufanyeje? (Binti yake)

JIBU: Pole, dada, Mungu ampe mama afueni. Mpikieni samaki. Mpeni mayai na kunde, na maziwa kama tumbo linakubali. Protini ya chakula husagwa tumboni na utumboni ikawa asidi amino kabla ya kuingia kwenye damu, na dawa yenyewe inapita kwenye mshipa, haipiti tumboni. Albumini inayoikamata dawa hutengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 kwa siku, na ipo akila asile. Kumnyima mama protini kutamwondolea nguvu za kuhimili kemo, na dawa haitaongezeka hata chembe. Jirani amesema kwa nia njema, lakini ushauri huo unaumiza.

Tahadhari iko kwenye vidonge. N-asetilisisteini, glutathioni na asidi ya alfa lipoiki zinazouzwa kama virutubisho zina salfa ya aina ile ile inayopendwa na platini. Mkusanye kila chupa anayotumia, pamoja na dawa za mitishamba, mpeleke mfuko mzima kwa daktari kabla ya kemo ijayo. Wakati ndio unaoamua. Thiosalfeti ya sodiamu, ambayo nayo hushika platini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kulinda masikio ya watoto wenye saratani ya uvimbe ambao haujasambaa, na hutiwa saa 6 baada ya sisplatini, dawa ikiwa imeshaingia kwenye seli za uvimbe. Kitu hicho hicho kikitangulia kingeweza kuiua dawa.

Mengine ni ya figo na masikio. Anywe maji kwa kiasi alichoagizwa. Asimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila idhini ya daktari. Mlio masikioni, ganzi vidoleni au mkojo kupungua viripotiwe siku hiyo hiyo. Kwa saa 48 baada ya kemo, anayeshika matapishi, mkojo au nguo zilizochafuka avae glavu, na choo kimwagiwe maji mara mbili.

SWALI: Nimesikia dhahabu inaua saratani. Tuna mikufu ya zamani iliyofuliwa na masonara wa hapa. Maji yaliyolazwa na mkufu yanafaa kunywewa? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Hayana dawa, bibi. Atomu za dhahabu kwenye mkufu zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na hazitoki kwenye maji. Dawa inayozungumzwa ni auranofini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa baridi yabisi. Ndani yake dhahabu ni ioni, imeshikwa na salfa upande mmoja na fosforasi upande wa pili. Ikifika kwenye seli, huzima kimeng'enya kiitwacho thioredoksini reduktasi kwa kushika seleni iliyo karibu na mkia wake. Seleni ni laini kuliko salfa na iko tayari zaidi kushika metali katika pH ya kawaida ya mwili, ndiyo maana dhahabu huichagua. Kwa saratani bado ni ya utafiti, na haichukui nafasi ya matibabu aliyopangiwa mgonjwa.

SWALI: Niko shahada ya uzamili, kwetu ni Malindi. Nilichanganya lisozaimu ya yai na sisplatini niliyoyeyusha kwa DMSO, ndani ya bafa ya PBS, nyuzi 37, usiku mmoja. Spektromita ya masi inaonyesha protini tupu na vilele vidogo visivyosomeka. Nilipoikata protini kwa tripsini baada ya DTT, platini sikuiona kabisa. (Mtafiti)

JIBU: Protini umeichagua vizuri. Lisozaimu, protini ya ute wa yai, ni ndogo, daltoni 14,305, haina sisteini huru, na platini hupendelea histidini yake moja, ya namba 15. Tatizo ni vile vitu vitatu ulivyoizungushia.

DMSO, kiyeyushi chako, ina salfa. Inaingia kwenye platini mahali pa kloridi, na ulichotia kwenye protini ni kiwanja kingine. PBS, bafa yako ya chumvi (bafa ni maji yanayoshikilia pH isibadilike), ina kloridi inayozidi milimoli 130 kwa lita, inayoizuia sisplatini isifunguke, na sodiamu yake hupanda juu ya protini moja moja, kila moja ikiongeza daltoni 22. Hivyo ndivyo vilele vyako visivyosomeka. DTT, inayotumika kuvunja madaraja ya salfa, ina salfa mbili huru kwa kila molekuli, na inaweza kuing'oa platini kwenye protini. Tris, bafa nyingine, pia iepuke, ina nitrojeni inayoshindana.

Rudia hivi. Tengeneza bafa ya asetati ya amonia, milimoli 20 kwa lita, pH 6.8, ambayo hugeuka mvuke yote kwenye mashine. Yeyusha lisozaimu miligramu 1.43 kwa mililita 1 upate mikromoli 100 kwa lita. Sisplatini iyeyushe kwa maji safi, miligramu 1 kwa mililita, ukiipasha kidogo na kuikoroga gizani. Itumie siku hiyo hiyo. Usitumie chumvi ya asilimia 0.9 hapa ingawa hospitalini ndiyo sahihi, kwani ingekuletea kloridi milimoli 14 na sodiamu kiasi hicho hicho. Ondoa mikrolita 90 za protini, weka mikrolita 90 za sisplatini: umepata platini tatu hivi kwa kila protini moja. Acha kwenye nyuzi 37 gizani, chukua sampuli saa 24, 48 na 72. Usiku mmoja ni mfupi.

Kila sampuli ioshe kwa bafa ile ile mara tatu kwenye kichujio cha kilodaltoni 3, ili dawa huru itoke na majibu yasimame. Kichujio cha kilodaltoni 10 kinaweza kuvujisha protini ya 14. Maji yote yaliyopita yakusanye kwenye chupa ya taka za platini, yasimwagwe kwenye sinki.

Kwenye grafu ya spektromita, inayopima uzito wa molekuli, tafuta kilele karibu na 14,532, yaani protini yenye platini na amonia mbili, na kingine karibu na 14,568, ambacho bado kina kloridi moja. Platini na amonia mbili ni daltoni 229, lakini kipande hicho huja na chaji mbili chanya, kwa hiyo masi iliyokokotolewa na programu hupungua kama 2. Kilele cha 14,305 kitaendelea kuwepo hata saa 72. Kila mara weka chupa ya pili yenye protini peke yake kwa muda ule ule, kwa sababu methionini ikipata oksijeni huongeza daltoni 16, na ongezeko hilo lisihesabiwe kuwa la dawa. Ukitaka kujua mahali platini ilipokaa, kata kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, bila DTT. Madaraja manne ya salfa yatabaki na vipande vitakuwa vikubwa na vichache, lakini platini itakuwepo, na utaitambua kwa isotopu zake (atomu zake zenye uzito tofauti) za 194, 195 na 196 zinazosimama bega kwa bega.